Watoto wetu wa Moshi wanamjua dubu wa barafuni, minde hawamjui. Kwa nini?

#1 Mwana wa Uru

Wakuu habari za jioni, mlioko kazini poleni.

Kuna kitu kimenikera nikasema nikilete huku. Binti yangu yuko darasa la tano, shule moja hapa Moshi. Juzi walikuja wageni na projekta wakawafundisha mabadiliko ya tabianchi na wanyama walio hatarini kutoweka, jambo jema kabisa sina ubishi, mwisho wakagawiwa karatasi wakaambiwa kila mtu achore mnyama mmoja anayeathirika. Mtoto karudi na dubu mweupe kasimama kwenye kipande cha barafu katikati ya bahari. Nikauliza wenzako wamechora nini, anasema dubu, mmoja tu ndo kachora pengwini. Yaani shule ambayo asubuhi mawingu yakifunguka Kibo unaiona hii hapa, barafu yetu wenyewe inaisha juu ya vichwa vyetu, watoto wanachora dubu wa kwa watu!

Nikamwambia haya, minde unamjua? Akanijibu "ndiyo, tuko naye darasani, anakaa nyuma". Yaani yeye anajua Minde la ukoo tu, mnyama hamjui.

Mi naona kampeni hizi za kuelimisha jamii hazituingii kwa sababu zinakuja zimeshatengenezwa huko, mnyama wa huko, barafu ya huko, picha za huko. Mtu hawezi kumlilia mnyama ambaye hata mlio wake hajawahi kuusikia. Karibuni mnipinge.

#2 toyo_la_majengo

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 Ndafu

Akina Minde hawako hatarini mkuu, wapo wanazaana vizuri tu, tena mmoja ananidai.

#4 Mama Kahawa

😂😂 Ndafu lipa deni la watu.

Ila kweli jamani, minde ndo yupi? Mi mzaliwa wa Machame na simjui.

#5 Mweka98

Minde ni jamii moja na funo na nsya, wale swala wadogo wa vichakani, ila yeye ndo mkubwa, anafika hata kilo hamsini na kitu. Rangi nyeusi inayoelekea kahawia, mwili umenona, na utosini katikati ya vile vipembe vifupi ana kishungi cha nywele nyekundu. Anatembea usiku, mchana amejificha kwenye msitu mnene, ndo maana hata askari wa hifadhi wengi wanaona kinyesi na nyayo tu. Duniani kote yupo Tanzania peke yake, misitu michache ya milimani: hapa kwetu Kilimanjaro, Udzungwa, Uluguru, na kule nyanda za juu kusini upande wa Rungwe. Kwenye orodha nyekundu ya IUCN, ule muungano wa uhifadhi wa dunia, yuko kundi la walio hatarini kutoweka.

Lakini mleta mada usichanganye mambo mawili. Minde hauawi na joto, anauawa na waya. Mitego ya nyaya ya kutafuta kitoweo, halafu msitu wenyewe kukatwa na kuungua. Kwa hiyo wale wa projekta wangemleta minde kwenye somo la tabianchi wangekuwa wamedanganya pia.

#6 Mwana wa Uru

Mweka98 asante kwa shule. Ila msitu unapoungua kwa sababu ya ukame, hapo utasema ni waya au ni joto?

#7 Meku wa Kibosho

Vijana mnanichekesha. Minde sisi tulimla. Nyama yake nzuri, ya paja hasa. Wakati huo hakuna aliyeita hatarini.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini watu wa huku juu hawasikilizi hizo semina zenu. Tulikuwa na eneo linaitwa Nusu Maili, tangu wakati wa Mwingereza 1941, ukanda wa msitu kati ya vihamba na msitu wa serikali. Wenyeji tunachukua kuni humo, majani ya ng'ombe, nguzo za kujengea, na tulikuwa tunapanda miti na kuilinda sisi wenyewe. Zikaja zama za halmashauri, zikaja zama za misitu, mwisho 2005 mpaka wa hifadhi ukashushwa, msitu wote ukaingia KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na Nusu Maili ikaenda nayo. Mama mzee aliyezaliwa anakata majani pale leo akionekana na mundu ni jangili. Halafu mwezi unaofuata gari ileile inakuja na spika kumfundisha huyohuyo mama kutunza mazingira. We ungesikiliza?

#8 Sista Rau

Shikamoo Meku. Hapo umegusa penyewe. Bibi yangu alikimbizwa mle akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akaanguka, mpaka leo akisikia neno uhifadhi anatema mate.

#9 Chalii wa Ngaramtoni

Aisee nyie wa Moshi mna bahati spika inakuja kijijini. Huku Arusha elimu ya tabianchi inatolewa hotelini Njiro. Mnakaa kwenye kiyoyozi, mezani chupa za plastiki za maji, fulana ya kijani, begi, kalamu, saa nne chai ya sambusa, saa saba msosi wa nguvu, saa tisa mnasaini posho mnaondoka na Noah. Wanaohudhuria ni walewale, ukienda ya maji unawakuta, ukienda ya jinsia unawakuta, ukienda ya tembo unawakuta. Nimeshakaa kwenye hizo meza, najua ninachosema. Tatizo wala sio dubu mkuu, ripoti inatakiwa iseme "watu mia mbili wameelimishwa" na ikishaandikwa mchezo umeisha.

#10 Ndafu

Chalii ukipata nyingine niandikishe, nina uchungu sana na mazingira.

#11 Barafu na Chai

Mimi mlima ndo kazi yangu, nimeanza kama mgumu nabeba mizigo ya wageni, sasa hv ni gaidi, yaani naongoza wageni. Mnataka kujua kwa nini watu hawaamini? Kwa sababu walituambia 2020 barafu itakuwa imeisha. Ilitangazwa kwenye redio, wageni wakawa wanakuja kwa fujo "tuione kabla haijaisha", na kusema kweli tulipiga hela. 2020 ikafika, barafu ipo. Leo ipo. Sasa jamaa zangu kijijini ukiwaambia habari za tabianchi wanakuuliza, ile ya 2020 vipi?

Ila sisi tunaopanda tunajua inaisha. Lile pande la Furtwängler pale kreta lilikuwa moja, likagawanyika, sasa ni mabaki mabaki. Kuna sehemu wazee walikuwa wanakanyaga barafu, leo unakanyaga vumbi.

#12 Mzee wa Takwimu

Tuweke mambo sawa. Aliyesema ile habari ni mwanasayansi Lonnie Thompson wa Marekani. Mwaka 2000 timu yake ilipanda na mitambo ikachimba barafu ya Kibo kuchukua sampuli, na 2002 wakachapisha kwamba kwa mwendo ule barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. Walisema "kwa mwendo ule", redio zikameza hayo maneno matatu. Ila mwelekeo hawakukosea. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12, ilipofika 2011 imebaki chini ya 2. Hiyo ni zaidi ya asilimia 80 imeondoka. UNESCO nao 2022 walitoa taarifa kwamba barafu za urithi wa dunia Afrika, zikiwemo za Kilimanjaro na Mlima Kenya, huenda zisiwepo ifikapo 2050.

#13 toyo_la_majengo

2050 nitakuwa mzee, mtaniambia.

#14 Mweka98

Mzee wa Takwimu uko sahihi kwa eneo lakini tuongeze sababu, maana hapa ndo wataalamu wenyewe wanagombana. Kule juu kwenye mita elfu tano na mia nane joto la hewa karibu muda wote liko chini ya sifuri. Kwa hiyo wazo la "dunia imepata joto barafu ikayeyuka kama kwenye sufuria" halikai vizuri kwa Kibo. Kuna kundi la watafiti linasema kinachoimaliza ni ukavu: tangu miaka ya 1880 hivi hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, theluji mpya ikapungua, na barafu isiyopata theluji mpya inakuwa chafu chafu, inameza jua badala ya kulirudisha. Halafu jua kali na upepo mkavu vinaigeuza kuwa mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji, kama vile vipande vya barafu unavyovisahau kwenye friza ukirudi unakuta vimekonda. Ndo maana kuta zake ziko wima namna ile.

Yaani barafu ilianza kupungua kabla hata ya magari na viwanda kuwa vingi. Hans Meyer alipofika kileleni 1889, mchakato ulishaanza.

#15 Chalii wa Ngaramtoni

Kwa hiyo tumeambiwa uongo miaka yote hii?

#16 Mzee wa Takwimu

Hapana Chalii, usikimbie na nusu ya maneno. Swali linalofuata ni nani aliyekausha hewa. Mvua ya huku inategemea Bahari ya Hindi, na bahari ikibadilika joto mvua zinahama. Wapo wanaosema ukavu wa mwanzo ulikuwa wa asili na huu wa miaka ya karibuni una mkono wa binadamu. Na Thompson mwenyewe aliikuta barafu ya juu ina dalili za kuyeyuka ambazo hakuziona kwenye tabaka za chini za zamani. Mweka98 anajua hilo, karuka tu.

#17 Mweka98

Sijaruka, nilikuwa nafika.

#18 Meku wa Kibosho

Nyie bishaneni na friza. Mimi naona mifongo. Mfongo wa babu yangu ulikuwa unaleta maji mpaka kwenye migomba mwezi wa tisa, leo mwezi wa nane umekauka. Barafu ikiisha maji yanaisha, kitu rahisi hivyo.

#19 Sista Rau

Meku kwa heshima zote, maji ya mifongo sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye msitu. Mvua nyingi ya mlima huu inaangukia ukanda wa msitu, na kule juu zaidi kwenye miti ya ukungu, majani na kuvumwani zinakamata matone ya mawingu yanadondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Yupo mtafiti Mjerumani, Andreas Hemp, amekaa na mlima huu miaka mingi sana, anasema moto umeushusha ule msitu wa juu, na hasara ya maji ya ukungu yanayopotea ni kubwa kuliko ya barafu. Barafu inapendeza kwenye kadi za posta, msitu ndo tunaunywa. Ile Oktoba 2020 iliungua kama kilomita za mraba 95, mnakumbuka moshi ulivyokuwa unaonekana usiku kutoka mjini. 2022 Oktoba tena, upande wa Karanga.

Sasa nauliza: mbona moto haumo kwenye semina? Ni tabianchi gani hiyo, ya dubu tu?

#20 Barafu na Chai

Na wa 2020 wagumu ndo tulibebeshwa, eti tulikuwa tunapasha chakula. Sikatai moto unaweza kutoka popote, lakini warina asali je? Wanaochoma nyasi je? Kila moto ni mgumu na sufuria yake.

#21 Ndafu

Mgumu anapasha ubwabwa, msitu unaiva 🙆

#22 Mweka98

Wanafunzi wa chuo chetu cha wanyamapori Mweka waliingia mle kuuzima kwa matawi na majembe, kwa hiyo tutanie kwa adabu.

#23 Mama Kahawa

Mimi sijui barafu wala ukungu, najua kahawa. Zamani Machame usiku ni blanketi mbili, sasa moja na mnaivua. Shida iko hapohapo kwenye usiku. Walikuja watafiti wakatueleza, na kuna utafiti ulitoka 2015 wa kahawa ya arabika kaskazini mwa Tanzania, kwamba joto la usiku likipanda nyuzi moja mavuno yanashuka kilo 137 kwa hekta. Hiyo elimu niliielewa siku ileile bila fulana, kwa sababu ilizungumza kwa kilo. Niambie kilo nitakusikiliza, ukiniambia nyuzi joto za dunia nitakuitikia "sawa mwanangu" niendelee na kupalilia.

#24 Mrombo Original

Mama Kahawa shikamoo. Lakini tusiisingizie hali ya hewa kila kitu. Kahawa ilishuka kwa sababu ya bei, kwa sababu ya mibuni ya wakoloni ambayo hamtaki kuing'oa, chulebuni, kutu ya majani, na vijana wote wamekimbilia mjini wanauza vocha. TaCRI, wale watafiti wa kahawa pale Lyamungo, wana miche inayostahimili hayo magonjwa miaka mingi tu, waliopanda ni wangapi?

#25 Mama Kahawa

Marahaba. Ukimaliza kunilaumu njoo unisaidie kung'oa, mgongo unauma.

#26 Yeyo Longido

Habari za huko kwenye ndizi. Nimesoma uzi wote nacheka, watu wa mlimani mnafundishwa tabianchi kwa picha. Sisi tulifundishwa 2009. Ng'ombe walikufa Longido na Monduli mpaka harufu ikakuzuia kula, mume wangu alibaki na wachache wa kuhesabu kwa mkono. Nani anahitaji projekta baada ya hapo? Wamaasai tuna alalili, malisho ya kufunga, hayaguswi mpaka kiangazi kikali, ni ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Hiyo ni elimu ya ukame ya kabla ya semina yoyote. Ila wanapokuja wanasema wamekuja "kutujengea uwezo". Na wakati huohuo mashamba yanaongezeka, eneo linabanwa, alalili yenyewe inalimwa.

Na wanyama je? Wale tembo wenye pembe za kugusa chini wanaovuka kutoka Amboseli ya Kenya kupitia Kitenden, tumeishi nao. Baada ya mvutano wa 1994 juu ya kuwawinda, kama miaka thelathini hawakupigwa upande wetu. Kuanzia Septemba 2023 wakapigwa kadhaa ndani ya miezi michache, na wawindaji wenye vibali, huku Enduimet, jumuiya yetu ya hifadhi ya wanyamapori. Kwa sheria ni halali. Sasa mwanangu akiniuliza, mama kwa nini mimi nikimgusa ni jela na yule akilipa ni utalii, nimjibu nini? Hapo ndo elimu yenu inapokwama.

#27 Chalii wa Ngaramtoni

Yeyo umemaliza.

#28 Mzee wa Takwimu

Hajamaliza. Hela ya uwindaji inatakiwa kurudi vijijini kupitia hizo jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, swali ni inafika kiasi gani. Na upande wa pili wanaopiga kelele wanasema wale madume wakubwa wamebaki wachache sana, na ndio wanaopendwa na majike. Mimi niko katikati hapo.

#29 Mrombo Original

Kaa katikati hivyohivyo, mimi tembo wamekaa katikati ya mahindi. Rombo ya chini huku karibu na Holili wanatoka Tsavo wanavuka mpaka bila paspoti. Mnasema hatarini kutoweka, mi nawaona kila msimu na wala hawana dalili ya kutoweka. Mtu kapoteza shamba, analipwa kitu wanakiita kifuta jasho. Kanuni za 2011 ziliweka ekari moja haizidi laki moja, na kadiri ulivyo karibu na hifadhi ndivyo ulivyopata kidogo, na mtu akiuawa kifuta machozi kilikuwa milioni moja. Milioni moja! Halafu unikalishe unionyeshe picha ya tembo mtoto analia.

#30 Mzee wa Takwimu

Pole sana Mrombo. Ila kuwaona wengi shambani sio kwamba ni wengi. Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja 2009, sensa ya 2014 ikakuta kama elfu arobaini na tatu. Ndani ya miaka mitano! Ule ndio wakati wa akina Yang Fenglan, yule mama wa Kichina waliyemwita Malkia wa Pembe za Ndovu, aliyefungwa miaka 15 Februari 2019. Baada ya hapo idadi ikaanza kupanda tena, ikafika kama elfu sitini. Na 2021 IUCN wakampandisha tembo wa savana hadi kundi la hatarini. Tatizo njia zao zimefungwa na mashamba na nyumba, na mwaka wa ukame wanafuata maji, na maji yako kwenu.

#31 Mrombo Original

Kwa hiyo kosa ni langu kwa kuwa na maji.

#32 Meku wa Kibosho

😀 Mzee wa Takwimu hapo umekamatwa.

Mwalimu alilisema hili zamani kwenye Azimio la Arusha 1967, kwamba wanyamapori ni mali yetu na tuwatunze kwa ajili ya watoto wetu.

#33 Sista Rau

Meku lile sio Azimio la 1967, ile ya 67 ni Ujamaa na Kujitegemea. Tamko la wanyamapori alilitoa Arusha Septemba 1961, kabla hata ya uhuru, kwenye mkutano wa uhifadhi. Na mle ndani alisema wazi tutahitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Ndo huo mlango dubu kaingilia, hahaha.

#34 Meku wa Kibosho

Mimi nilikuwa kijana wa TANU wewe hujazaliwa.

#35 Sista Rau

Ndiyo Meku, ila tarehe haina umri 😂

#36 Mwana wa Uru

Naona watu wamenisahau. Kwa hiyo mpaka sasa ni posho, ni Nusu Maili, ni ile 2020, ni tembo wa wenye hela. Hakuna anayenikubalia la mifano?

#37 Chalii wa Ngaramtoni

Mi nakukubalia nusu. Zamani kulikuwa na Malihai Clubs mashuleni, makao yao hapahapa Arusha, tukiwa primari tulipelekwa Manyara na lori, tukaona heroe wamejaa ziwani rangi ya waridi mpaka mwalimu akanyamaza. Hakuna mtu wa lori lile aliyeuliza tabianchi ni nini. Siku hizi kiingilio cha Mtanzania sio shida, nauli ya basi ndo inaua safari. Na hao heroe wadogo, karibu robo tatu ya wote duniani wanaanguliwa Ziwa Natron, hapo tu nyuma ya Longido! Maji yakizidi viota vinazama, yakipungua wanyama wanatembea mpaka kwenye viota. Huyo ndo mnyama wa kufundishia, hana haja ya dubu.

#38 Yeyo Longido

Na mkumbuke Natron ilitaka kuwekewa kiwanda cha magadi, 2006 hadi 2008. Kampuni ya Tata ya India wakajitoa baada ya kelele. Ila kelele kubwa ilitoka nje, vijana wetu wengine walikuwa wanataka ajira na mpaka leo wanauliza ajira zilikwenda wapi.

#39 Barafu na Chai

Mi nadhani mnazunguka tu. Mnakumbuka mifuko ya plastiki? Miaka na miaka elimu, mabango, nyimbo za shule, wapi. Juni mosi 2019 likaja katazo, ukikutwa nao elfu thelathini, wiki moja Mbuyuni sokoni hakuna mfuko. Watu walielimika usiku mmoja. Mwafrika anaelimishwa na faini.

#40 Sista Rau

Acha kutudhalilisha, Mwafrika ndo nani? Faini ilifanya kazi kwa sababu mbadala ulikuwepo sokoni asubuhi yake, kile kimfuko cha kitambaa. Mama wa Kibosho ukimpiga faini ya kuni mbadala wake uko wapi, gesi ya kujaza kila mwezi kwa hela ipi?

#41 Barafu na Chai

Na vile vifungashio vya karanga vimerudi vyote, naona kila siku stendi.

#42 Mama Kahawa

Kuna njia nyingine mmeiacha. Kanisa. KKKT huku Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo alisimamia sana upandaji miti, mpaka watoto wa kipaimara wanatakiwa kupanda miti. Mjukuu wangu alipanda yake na akaimwagilia kwa sababu ilikuwa ni suala la kipaimara, sio semina. Mchungaji akisema wanasikia kuliko afisa.

#43 Mrombo Original

Wanapanda, ndiyo. Ila mti gani? Mgrivea na mikaratusi inayokunywa mto mzima. Wangepanda mringaringa, mfumufumu, msesewe.

#44 Ndafu

Msesewe!!! Sasa uzi umeanza. Bila gome la msesewe hakuna mbege, hakuna harusi, hakuna mahari. Tuanzishe kampeni ya kuokoa mbege muone kama watu hawatakuja.

#45 Meku wa Kibosho

Huyu mtoto mlevi lakini kasema jambo. Msesewe unatafutwa kwa mbali siku hizi.

#46 Mweka98

Na mkukusu je? Kilimanjaro hii ina mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81 na nusu, Hemp huyohuyo na wenzake walitangaza 2016. Umejificha kwenye korongo. Watoto wa Moshi wanajua mnara wa Eiffel una urefu gani.

#47 toyo_la_majengo

Mita 81 huo mti nani kaupima, alipanda?

#48 Mweka98

Kwa vifaa vya leza.

#49 toyo_la_majengo

Sawa nimeelewa. Nimesoma yote toka juu. Mrombo nina swali, wifi yangu yuko huko huko Rombo ya chini, tembo walipita wiki jana wamemaliza maharage. Hiyo fomu ya kifuta jasho inachukuliwa halmashauri au wapi?

#50 Mrombo Original

Aanzie kwa mtendaji wa kijiji aandikishe, halafu inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya waje wapime. Asisubiri waje ndo apige picha, apige leo kabla mvua haijafuta nyayo, na asing'oe kilichobaki hata kama mbuzi wana njaa, wakikuta shamba jeupe wanasema halikulimwa.

#51 Yeyo Longido

Na picha aweke na jirani mmoja ndani, shahidi. Sisi walitukatalia kwa hilo.